Saa ya Kubisha Hodi Monduli

  

Shauri ninalotaka tulizungumze leo ni shauri ambalo katika mitaa yetu ya Sombetini, tangu Mbauda hadi Ngusero, haupiti muda mrefu bila ya kijana au mzazi wake kuliuliza: ni wakati gani hasa unaomfaa kijana kuomba kuingia jeshini kwa nia ya kuwa ofisa? Aombe mara amalizapo kidato cha sita? Asubiri mpaka apate shahada? Au aombe kila tangazo litokapo, kwa tamaa kwamba siku moja bahati itamshukia?

Nalitia shauri hili mbele ya wasikilizaji wa Arusha kwa sababu sisi tunaishi nalo jirani. Ukishika barabara iendayo Dodoma, ukaipita Kisongo na uwanja wake mdogo wa ndege, kisha ukakata mkono wa kulia kuielekea milima, unafika Monduli, kilipo Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi ambamo maofisa wetu hufundishwa na kutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu, yaani Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ukienda upande wa mashariki, chini ya Mlima Meru, karibu na ziwa dogo la Duluti, kiko Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, ambamo maofisa waliokwisha kutumika kwa miaka mingi hurudi darasani kujifunza uongozi wa vikosi vikubwa. Na kusini ya mji, Oljoro, iko kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwanzo wa safari ya ofisa na katikati yake viko pande mbili za mji wetu, na watoto wetu hukua wakiyaona magari ya jeshi yakipita, wakaingiwa na shauku mapema kabla hawajajua njia yenyewe ilivyo.

Basi tuanze na njia yenyewe, kwa sababu wengi huikosa hapa. Kwa kawaida kijana wa kwetu haandiki barua ya kuomba nyota begani. Anachoomba ni kuandikishwa kuwa askari. Huandikishwa, akapita katika mafunzo ya awali pamoja na makuruta wenzake, akaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, akafundishwa kwata, silaha, utii na subira. Na baadaye, katika waliofuzu na wenye elimu inayotakiwa, huchaguliwa kwa usaili wale watakaopelekwa kuwa maofisa wanafunzi. Huko Monduli baadhi husoma kozi ya takriban mwaka mmoja, na wengine husomea shahada ya sayansi ya kijeshi inayotolewa kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo hapa Njiro. Wako pia wachache wapelekwao katika vyuo vya nchi rafiki. Mwisho wake ni gwaride, kiapo, na cheo cha Luteni Usu chenye nyota moja.

Narudia, ili asiyesikia vema asikie: mlango wa uofisa umo ndani ya nyumba ya uaskari. Asiyekuwa tayari kuwa kuruta, saa yake ya kuomba uofisa haijafika, hata awe na shahada mbili.

Kwa nini basi wakati uwe jambo kubwa? Sikilizeni kisa kimoja cha nchi yetu. Tulipopata uhuru, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, aliyeusimamisha Mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, mmoja katika Watanganyika wachache sana waliokuwa wamefuzu katika chuo cha Sandhurst, Uingereza. Jeshi tulilorithi, Tanganyika Rifles, lilikuwa na askari Waafrika, walakini uongozi wake ulikuwa bado mikononi mwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi, wakidai mishahara bora na wakidai kuondolewa kwa maofisa hao. Maasi yakaenea Tabora, na siku chache baadaye serikali ya Mwalimu Nyerere ikalazimika, kwa uchungu mkubwa, kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza kuyazima. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Sasa, ni nani aliyekabidhiwa jeshi hilo jipya? Alikuwa kijana wa hapa petu, mzaliwa wa Meru, Mrisho Sarakikya, aliyekuwa naye amefuzu Sandhurst, na ambaye umri wake wakati ule ulikuwa karibu miaka 30. Kutoka katika ngazi za chini za uofisa aliinuliwa hata akawa Mkuu wa Majeshi wa kwanza, akaliongoza jeshi hadi mwaka 1974. Mtu atasema ilikuwa bahati. Mimi nasema kwamba taifa lilipotazama huku na huku likitafuta mikono ya kupokea dhamana, mikono iliyokuwa tayari ilikuwa michache mno, na yake ilikuwa miongoni mwayo kwa sababu alikwisha kujifunza kabla saa haijalia. Hakuna aliyejua katika mwaka 1960 kwamba miaka minne baadaye ofisa kijana angetakiwa kubeba jeshi zima. Alijiandaa kama mtu anayejiandaa kwa kazi yake ya kila siku, na kazi kubwa ikamkuta hapo.

Leo hali imegeuka. Nchi haina tena uhaba ule wa maofisa, na waombao ni wengi kupita nafasi zilizopo. Wakati ule nafasi ilimtafuta mtu. Sasa mtu ndiye anayeitafuta nafasi, na nafasi ina masharti yake, na sharti lisilokuwa na huruma kuliko yote ni umri.

Tuipige hesabu hii ya umri polepole, maana ndiyo inayowaponza wengi. Matangazo ya kuandikisha askari huweka ukomo wa umri kwa kila daraja la elimu: mwenye elimu ya sekondari amewekewa ukomo wa chini, mwenye shahada ameongezewa miaka michache, na daktari bingwa ameongezewa zaidi. Chukueni vijana wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza alianza shule kwa wakati wake, akamaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19. Wa pili alichelewa, labda kwa sababu alikuwa akichunga mifugo huko kwa babu yake, labda kwa sababu ada ilikosekana akakaa nyumbani mwaka mmoja au miwili, akamaliza akiwa na miaka 22. Wote wawili wakienda chuo kikuu kwa shahada ya miaka mitatu, wa kwanza atatoka na miaka 22, na wa pili na miaka 25. Na ikiwa ni uhandisi wa miaka minne, au udaktari wa miaka mitano, ongezeni wenyewe. Kijana wa kwanza akitoka chuoni ana nafasi ya kuomba, akikosa aombe tena, na hata akikosa tena bado anaweza kujaribu. Wa pili yumkini ana nafasi moja tu, na pengine hana hata hiyo ikiwa mwaka ule tangazo halikutoka. Je, tunaweza kuwapa vijana hawa wawili nasaha moja? Hatuwezi. Na ndiyo maana mzazi anayesema, "Mtoto wa jirani alingojea shahada, nawe ungojee," anaweza kumpoteza mwanawe kwa nia njema.

Rai yangu ni hii. Kijana abishe hodi mwishoni mwa hatua ya elimu yake, asibishe katikati. Kumaliza kidato cha sita ni mwisho wa hatua. Kupata stashahada ni mwisho wa hatua. Kupata shahada ni mwisho wa hatua. Hapo ndipo penye mlango, na hapo ndipo anapoweza kusimama na cheti mkononi, mwenye kitu kamili cha kuonyesha. Aliyeacha chuo katika mwaka wa pili kwa sababu amesikia tangazo limetoka, mbele ya wanaoandikisha huhesabiwa kwa cheti chake cha kidato cha sita tu, na miaka miwili ya chuo imepita bure. Asipochukuliwa, hana jeshi wala hana shahada. Nimeona familia zikilia kwa jambo hili, na kilio chake ni kirefu kwa sababu mkopo wa masomo hausubiri.

Lakini rai haikosi mahali inapopinda. Yule wa pili, mwenye miaka 22 na cheti cha kidato cha sita, ikiwa moyo wake kwa kweli uko jeshini, simwambii angojee shahada. Namwambia aombe sasa, kwa sababu ndani ya jeshi elimu haikomi, na shahada yenyewe inaweza kumkuta Monduli. Na yule wa kwanza, mwenye miaka 19 na nafasi ya kusoma udaktari au uhandisi, simwambii akimbilie kambini kwa pupa. Jeshi lina haja ya madaktari, wahandisi na mafundi wa mitambo, na akija nayo elimu hiyo atakuja na kitu ambacho wengi hawana.

Linaingia hapa suala la Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT. Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na kwa miaka mingi vijana wa kidato cha sita walikwenda kwa mujibu wa sheria, mpaka utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Sasa iko njia ya mujibu wa sheria, ya muda mfupi, inayowafuata waliomaliza kidato cha sita baada ya mitihani yao ya mwezi wa Mei. Na iko njia ya kujitolea, yenye mkataba mrefu. Aghalabu tangazo la kuandikisha askari humtaka mwombaji awe amepita JKT na kutunukiwa cheti chake. Kwa hiyo yule kijana anayepata wito wa mujibu wa sheria akatafuta visingizio vya kutokwenda, akaona afadhali miezi ile auze vocha stendi, anaufunga mlango ambao mwaka ujao atakuja kuulilia. Nenda, mwanangu. Nenda hata kama hujakata shauri. Miezi ile itakuonyesha kama unaweza kuamrishwa na mtu mdogo kwako kwa umri, ukamjibu "Ndiyo, afande" bila ya kinyongo; na hakuna kitabu kitakachokufunza hilo ukiwa umekaa sebuleni.

Ila nawaomba wazazi wasikosee. JKT yenyewe haiahidi ajira. Inafundisha ukakamavu, uzalendo na stadi za kazi, na kijana anayejiunga kwa kujitolea ajiunge akijua kwamba anaweza kumaliza mkataba wake akarudi Sombetini na cheti na jembe. Anayeweza kulipokea hilo kwa moyo mkunjufu, aende. Asiyeweza, na ambaye anayo nafasi ya chuo mkononi, asiiache nafasi ile kwa matumaini peke yake.

Nije sasa kwenye jambo ambalo vijana wengi hawalifikirii mpaka wamekwisha kula kiapo, nalo ni mambo wanayoyaacha. Yuko kijana anayependa siasa, anayehudhuria mikutano na kuvaa sare za chama. Ajue kwamba Katiba ya nchi yetu, katika ibara yake ya 147, inamkataza mwanajeshi kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Kwa mfano, Mheshimiwa Jakaya Kikwete alipata shahada yake ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, ndipo akapata mafunzo ya uofisa, na baadaye akawa miongoni mwa wakufunzi wa siasa Monduli katika zama za chama kimoja. Na mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992, ikambidi achague, akachagua siasa na kustaafu jeshini akiwa Luteni Kanali, miaka 13 kabla hajawa Rais na Amiri Jeshi Mkuu. Alichagua akiwa mtu mzima, mwenye kujua alichokuwa akikiacha. Kijana wa miaka 20 naye hana budi kuchagua, na afadhali achague kabla ya kiapo kuliko kukaa ndani ya kombati huku moyo uko jukwaani. Hali kadhalika ndoa: mwombaji hutakiwa awe hajaoa wala hajaolewa. Binti aliyekwisha kuposwa, au kijana ambaye wazee wake wanaulizana kuhusu mahari, aliweke hili mezani mapema, ili pasiwe na mtu wa kudanganywa.

Na kuna jambo zito kuliko hayo. Ofisa mpya, mwenye nyota moja, anaweza kukabidhiwa askari wapatao 30, baadhi yao wakiwa wamemzidi umri kwa miaka kumi au zaidi, na maisha yao yakawa katika maamuzi yake. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kivu ya Kaskazini, askari wetu wasiopungua 14 waliokuwa wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa katika shambulio moja. Nalitaja hili kwa huzuni na kwa heshima kwa familia zao, na nalitaja kwa sababu siwezi kuzungumza na vijana juu ya nyota za begani nikawaficha kwamba kazi hii ina makaburi. Jiulize, kijana unayenisikiliza: ninayoitaka ni sare au ni dhamana? Natafuta mshahara wa mwisho wa mwezi tu, au niko radhi kuwa mtu wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka kwa ajili ya watu 30 ambao hata sijawajua majina? Kutafuta riziki si aibu, wala sitamlaumu mtu kwa kukosa kazi mjini Arusha. Lakini ukosefu wa kazi ukiwa ndiyo sababu pekee iliyokutuma, nakusihi ungojee kidogo, ujipime tena, kwa ajili ya hao 30.

Na wakati wa kungojea hupewi ili ukae bure. Tangazo likitoka, muda wa kupeleka maombi huwa mfupi, na wengi huangushwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja, cheti cha kidato cha nne kinasema jingine, kitambulisho cha taifa kina herufi iliyopotea. Na kulisahihisha hilo kuna safari za ofisi, kuna kiapo cha mwanasheria, kuna kungojea. Nani atayamaliza hayo katika siku chache? Yatengenezeni leo. Leo, wala si siku ya tangazo. Hali kadhalika mwili: barabara zetu za Sombetini asubuhi na mapema zina nafasi ya kutosha ya kukimbia, na baridi ya Meru mwezi wa Julai ni mwalimu mzuri kwa anayetaka kwenda Monduli. Bangi na mirungi, ambavyo sote tunajua vinavyowazunguka vijana wetu vijiweni, humkwamisha mtu katika uchunguzi wa afya. Michoro ya mwilini nayo ni kizuizi. Na ugomvi mmoja wa usiku ukifika mahakamani ukamtia hatiani, huandika neno ambalo halifutiki kwa barua ya mjumbe.

Wako pia matapeli, na nalisema hili kwa hasira. Kila msimu wa kuandikisha hujitokeza watu wanaojidai wana jamaa makao makuu, na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina la mtoto litapita. Jeshi limekwisha kutangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Mama aliyeuza shamba la Mto wa Mbu au ng'ombe wa Kisongo kumpa mtu wa namna hiyo hana risiti, hana nafasi, wala hana pa kushitakia kwa urahisi, na mwanawe amekwisha kufundishwa kwamba ulinzi wa nchi huanzia kwa rushwa. Msitoe hata shilingi.

Limebaki swali moja ambalo kijana mmoja aliniuliza, naye alikuwa amekwisha kuomba na kukosa: je, aombe tena? Nilimjibu kwa kumuuliza umri wake na elimu yake, maana pasipo hayo mawili jibu langu lingekuwa maneno matupu. Alikuwa na miaka bado, na alikuwa na nafasi ya kuanza stashahada ya ufundi. Nikamwambia aianze stashahada hiyo mwezi huo huo, aisome kwa bidii kana kwamba jeshi halipo, akimbie kila asubuhi kana kwamba tangazo ni kesho, na siku atakayoshika cheti chake achukue karatasi na kalamu aandike maombi yake upya.

Muda niliopewa umekwisha, wasikilizaji wapenzi. Wazazi mlio na vijana wa kidato cha sita, mkimaliza chakula cha usiku leo, kaeni nao mpige ile hesabu ya miaka.